Wageni wa Kanisa Wakija Nakivale, Wapelekeni Biharwe

Makundi ya kanisa yanayotutembelea hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, huomba siku moja ya kuzungushwa. Wengi hutarajia kupitishwa nyumba kwa nyumba, kisimani, kwenye foleni ya posho, simu mkononi. Mimi hukataa. Mama aliyesimama kwenye foleni hakuvaa kwa ajili ya picha. Tukitaka siku ya matembezi, tupande gari moja, wenyeji na wageni, tukajifunze habari za Wanyankole. Ardhi yao imepokea wakimbizi tangu mwisho wa miaka ya 1950, walipofika Wanyarwanda, kabla yetu Wakongo, Warundi na Wasomali.

Anza na karatasi. Kila mkimbizi abebe kitambulisho chake, na mchungaji aandike barua yenye majina yote na saa ya kurudi. Kama ofisi ya kambi inahitaji kuarifiwa, nenda siku kadhaa mapema. Wageni wabebe pasipoti au hati walizovukia mpaka. Kisha piga simu unakokwenda uulize kiingilio, na uulize waziwazi kama mkimbizi analipa bei ya mwenyeji au ya mgeni.

Taksi ya watu 14 ninaigawa nusu kwa nusu: viti saba vya wageni, saba vyetu, na watu wakae wamechanganyika. Wageni wote wakikaa mbele, safari nzima tutabaki kuwa wanaotazamwa.

Tunaondoka Base Camp alfajiri, kwa sababu vumbi la kuelekea Kabingo hula muda. Masha tunashuka kunywa chai. Hapo usiwaharakishe. Wapendwa waliotoka Bukoba kupitia Mutukula walipoona migomba ya Isingiro ilivyofunika vilima, walitaka kuongea na wenye mashamba, na mazungumzo yale yalikuwa sehemu ya matembezi.

Sehemu kubwa ya siku ipeni Igongo, pale Biharwe, kama kilomita 12 kutoka Mbarara kwenye barabara ya Masaka. Kituo hicho kilianzishwa na James Tumusiime, yuleyule wa Fountain Publishers. Makumbusho yake yanaitwa Eriijukiro. Mna vyombo vya maziwa, vifaa vya wafugaji, na nyumba zilizojengwa kama za zamani. Mwombeni mwongozaji aeleze kwa Kinyankore, mmoja wenu atafsiri. Siku tuliyokwenda na wapendwa wa Bukoba, mama mmoja Mhaya alicheka na kumjibu kabla mtafsiri hajafungua kinywa, na tangu hapo yeye ndiye aliyetufasiria.

Msiondoke bila kusikia kisa cha jua. Mfalme Olimi wa Bunyoro alikuwa akirudi na ng'ombe wa kuteka, mchana ukawa giza, naye akakimbia akawaacha. Kisa hicho huhusishwa na kupatwa kwa jua kwa 17 Aprili 1520, na Biharwe kuna mnara wa ukumbusho wake. Kwaya yetu ilikizungumzia kuliko kitu kingine chochote. Vijana waliolelewa kambini walikuwa hawajui kwamba nchi hii ina kumbukumbu ya miaka mia tano.

Muda ukibaki, nendeni Nkokonjeru, walikozikwa wafalme wa Ankole, Kahaya II na Gasyonga II. Ufalme wa Ankole ulifutwa mwaka 1967, na falme nyingine zilipoanza kurudishwa mwaka 1993, huu haukurudi. Ulizeni kwa adabu. Wanyankole wenyewe hawana jibu moja.

Wapo waumini watakaosita kuingia makaburini au kusikiliza habari za Bagyendanwa, ngoma ya kifalme. Lizungumzeni usiku wa kuamkia safari, mkiwa mmekaa. Asiyetaka abaki nje kwa amani, na pasiwepo anayeomba kwa sauti kukemea. Tuko kwenye makaburi ya wazee wa watu.

Chakula agizeni mapema: eshabwe, ule mchuzi mweupe wa samli, pamoja na ugali wa ulezi. Gharama tulilipa kwa kapu moja, kila mtu akatia alichonacho, na mhasibu wa kanisa akasoma hesabu garini, wote wakisikia. Ikifika saa tisa alasiri, muwe mmeshageuza gari. Baada ya Kabingo giza na vumbi havielewani, na kuna akina mama wanaosubiriwa na watoto nyumbani.