Taa ya Oili Iwakapo: Jinsi ya Kujua Kama Swichi Ndiyo Mbovu

Barabara itokayo Lanet kwenda Dundori hupanda ukingo wa Bonde la Ufa, na magari yateremshayo viazi, kabichi na maziwa kwenda Nakuru hurudi kwa mlima huo huo. Ikiwa taa ndogo nyekundu, yenye picha ya kopo la oili, itawaka njiani, maneno huwa mawili. Mmoja husema injini inakufa. Mwingine husema ni swichi tu, twende. Wote wawili wanabahatisha, lakini wa pili ndiye wa kuogopwa. Swichi ni kitu cha bei ndogo. Beringi na krankshafti zikikosa oili huweza kuharibika kwa dakika chache, na gari likasimama wakati viazi vinaoza shambani.

Basi dereva na asimame hima, azime injini, na apime oili kwa kijiti chake. Gari liwe mahali tambarare, naye angoje dakika tano au kumi oili ishuke. Kijiti kilichochomolewa mlimani hudanganya. Sampu ya oili ni kama sufuria: ikiinama, kilichomo hukimbilia upande mmoja, na oili ikiwa imepungua pampu huvuta hewa. Kwa hiyo taa iwakayo mlimani na kwenye kona, kisha ikazimika tambarare, aghalabu inasema kweli. Hapo dawa ni oili, wala si swichi mpya. Kama injini inagonga, isiwashwe tena; gari livutwe mpaka gereji.

Oili ikiwa ya kutosha, fundi achunguze umeme. Katika magari mengi swichi hii, ambayo wengine huiita sensa, ina waya mmoja, nayo huwasha taa shinikizo la oili likishuka chini ya ratili 4 mpaka 7 hivi kwa kila inchi mraba. Ufunguo ukiwashwa na injini ikiwa imezimwa, taa lazima iwake. Isipowaka, huo nao ni ubovu, tena mbaya zaidi kwa kuwa ni wa kimya. Kisha waya uchomolewe kwenye swichi: taa izimike. Ikibaki kuwaka, waya umechubuka na unagusa chuma mahali fulani. Ncha ya waya ikiguswa kwenye chuma cha injini, taa iwake tena. Yote yakiwa hivyo, waya na taa ni vizima.

Magari ya siku hizi yenye sensa ya nyaya tatu yasijaribiwe hivyo. Hayo hupimwa kwa mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Namba P0520, P0522 na P0523 huelekeza kwenye umeme wa sensa, na P0524 husema kwamba shinikizo lenyewe ni dogo.

Lakini hata namba hizo hazimalizi shauri. Linalomaliza ni geji ya mkono. Swichi hufunguliwa, geji ikafungwa katika tundu lake, na injini ikawashwa, ikasomwa ikiwa baridi na tena ikiisha kupata moto, kwa sababu asubuhi ya Dundori oili ni nzito na huficha udhaifu wa pampu. Injini ikiwa moto, mafundi wengi hutazamia ratili 10 hivi kwa kila mizunguko 1,000 ya injini kwa dakika, ingawa kitabu cha gari ndicho cha kufuatwa. Geji ikionyesha vema, swichi ndiyo mbovu. Ikionyesha chini, swichi imesema kweli, na fundi atafute oili nyepesi mno, chujio lililoziba, pampu iliyochoka au beringi zilizolika. Wako wabadilishao swichi kwanza na kupima baadaye; fedha ni za mwenye gari, si zao.

Swichi mpya ikifungwa, isikazwe kwa nguvu nyingi, wala skrubu yake isizungushiwe utepe wa mabomba ya maji, maana swichi ya waya mmoja hupata njia ya umeme katika skrubu hiyo, na utepe huweza kuizuia. Injini iwashwe, na fundi atazame kama oili inavuja hapo.