Lueji na kikuku cha Walunda

Watoto, tazameni ramani ya Kongo. Upande wa kusini, katika jimbo la Lualaba, mtaona Kapanga, si mbali na mpaka wa Angola. Hiyo ndiyo nchi ya asili ya Walunda. Katika mji wa Musumba hukaa mfalme wao, na kila mfalme huitwa Mwant Yav. Lakini masimulizi ya Walunda hayaanzi na Mwant Yav. Huanza na msichana mmoja, jina lake Lueji. (Walunda wenyewe hutamka Ruwej.)

Zamani zile ufalme mkubwa haukuwapo bado. Kando ya mto Kalanyi palikuwa na vijiji tu, na kila nchi ndogo ilikuwa na mzee wake. Wazee hao waliitwa Tubungu, nao walikuwa kama ndugu wa ukoo mmoja. Mmoja wao alitangulia wengine, ndiye Nkond. Alama ya ukubwa wake haikuwa taji wala kiti cha dhahabu. Ilikuwa lukano, yaani kikuku cha mkononi kilichosukwa kwa mishipa. Watu walisadiki kwamba lukano ina nguvu ya ajabu. Mwenye kuivaa kwa haki, mashamba yake huzaa na watu wake huongezeka. Ikivaliwa vibaya, nchi yote huugua.

Nkond alikuwa na wana wawili wa kiume, Kinguri na Chinyama, na binti mmoja, Lueji. Siku moja mzee alikuwa akisuka mkeka. Karibu yake palikuwa na chungu cha maji, ambamo aliloweka nyuzi zake, na maji yale yaligeuka meupe kama malofu. Wana wake wakafika, nao wamekwisha kulewa. Walipoona chungu wakadai kunywa. Baba akawaambia kwamba yale ni maji tu ya kulowekea nyuzi. Hawakusadiki. Walimwita mwongo na mchoyo, wakampiga vibaya sana, wakaenda zao.

Lueji ndiye aliyemkuta baba yake chini. Akamwinua, akamwosha vidonda, akamlisha. Nkond alijua kwamba hataishi. Akawaita wazee wa Tubungu, akawatangazia wazi: wana wale hawatavaa lukano, ataivaa Lueji. Tena, kwa sababu msichana alikuwa bado kijana, aliwaagiza wazee wamlinde na kumwongoza katika mambo ya nchi mpaka apate mume anayefaa.

Fikirini hali ya msichana huyo. Ndugu zake walikuwa wanaume wenye nguvu, tena wenye wafuasi. Wazee walikuwa na nchi zao wenyewe, na mzee mwenye nchi hatumwi kama mtoto wa kuchota maji. Kikuku kilikuwa mkononi mwake, ndiyo, lakini kikuku hakisemi barazani. Kilichomlinda ni neno la wazee, maana walisikia kwa masikio yao agizo la Nkond. Kama wangekana, lukano ingekuwa mishipa mikavu tu. Basi Lueji alitawala pamoja nao, akisikiliza shauri lao. Watoto wanaopenda habari za mikuki watauliza kama malkia huyu aliwapiga ndugu zake vitani. Masimulizi yanayojulikana sana hayasemi hivyo. Kinguri na Chinyama walikaa katika nchi ileile, wakinung’unika, na Lueji aliishi karibu na hasira yao siku zote. Labda kazi hiyo ilikuwa ngumu kuliko vita.

Ndipo alipofika mgeni. Jina lake Chibinda Ilunga, wa ukoo wa wafalme wa Waluba, upande wa kaskazini-mashariki. Neno chibinda maana yake mwindaji. Alikuwa amewaacha jamaa zake baada ya ugomvi, akafuata nyama porini mpaka mto Kalanyi. Huko akakutana na watu wa malkia, akapelekwa kwake. Alikuwa mpole wa maneno, hodari wa upinde, tena mwenye dawa za uwindaji ambazo watu waliziogopa. Wachongaji wa Wachokwe, ambao huhesabu asili yao kwa Walunda, walichonga sanamu zake nzuri sana katika karne ya 19. Nyingine zimehifadhiwa leo katika nyumba za makumbusho za Ulaya na Marekani. Katika baadhi ya sanamu hizo wamempa hata bunduki, kwa sababu wawindaji wa siku zao walikuwa nazo!

Lueji alimpenda Chibinda, na wazee walikubali ndoa. Mpaka hapo hakuna aliyekosewa. Lakini siku zikafika ambapo Lueji alipaswa kukaa faragha, kwa desturi ya wanawake wa wakati ule, na mtu aliyejitenga hivyo hakuruhusiwa kuvaa lukano. Ni nani ataishika? Lueji akamvika mume wake.

Kinguri na Chinyama waliposikia, walijaa ghadhabu. Kutawaliwa na dada yao walikuwa wamevumilia. Sasa alama ya baba yao ilikuwa mkononi mwa mtu wa kabila lingine. Walikuwa wamempiga baba yao, hilo halisameheki kwa urahisi, lakini malalamiko yao ya mara hii hayakuwa ya upuuzi. Walikusanya watu wao wakahama. Kinguri alikwenda magharibi, ndani ya Angola ya leo, na wafalme wa Kasanje walihesabu asili yao kwake. Chinyama alikwenda kusini, na watawala wa Waluena wanamtaja kama babu yao. Hivyo kwa tendo moja Lueji alipata mfalme, akapoteza ndugu wawili na vijiji vizima vya watu. Walunda wanaposimulia habari hii hawafichi hasara hiyo.

Tena Lueji hakuzaa mtoto. Hapo alifanya jambo ambalo wengine wangeona uchungu kulifanya: alimpa Chibinda mke mwingine, Kamonga, ili ufalme usikose mrithi. Kutoka uzao wa Kamonga walitokea wafalme wa Walunda.

Je, mambo hayo yote yalitukia kama yanavyosimuliwa? Yalikaa vinywani mwa wazee muda mrefu kabla ya kuandikwa. Mreno Henrique de Carvalho, aliyesafiri katika nchi ya Walunda kati ya mwaka 1884 na 1888, aliyasikia na kuyachapisha Lisbon mwaka 1890. Wataalamu wa historia hufikiri kwamba katika mtu mmoja, Chibinda, wasimulizi wamekusanya habari ndefu za jinsi desturi za ufalme za Waluba zilivyoingia kwa Walunda polepole. Lakini mgawanyiko wa watu si ndoto: Walunda, Wachokwe na Waluena wanataja majina yaleyale, ingawa mipaka ya Kongo, Angola na Zambia inawatenga.

Kwa Walunda mtu anayepewa cheo cha zamani hupewa pia undugu wa yule aliyekishika kwanza, akahesabiwa kana kwamba ni yeye mwenyewe. Kwa sababu hiyo, katika baraza la Mwant Yav pana cheo cha mwanamke kinachoitwa Swana Mulunda. Kila anayekishika husimama mahali pa Lueji, naye huitwa mama wa Walunda wote.

Maulizo. Kwa nini Nkond hakuwapa wana wake lukano? Wazee wa Tubungu walimsaidia Lueji namna gani? Kinguri alikwenda wapi, na Chinyama wapi? Waonyeshe kwenye ramani. Kama ungekuwa mmoja wa wazee, ungemwambia nini Lueji siku ile alipotaka kumvika mume wake lukano?