Jua Haki Zako: Hekalu, hati ya ardhi na kitabu cha OB

Mmefika hekaluni kabla jua halijachomoza, kwa ajili ya aarti, ibada ya taa, mkakuta kufuli limekatwa, sanduku la sadaka halipo na murti, sanamu takatifu, imevunjwa mkono. Kitu cha kwanza atakachotaka pujari, kuhani wenu, ni maji, aoshe na kuondoa najisi. Cha pili, kwa desturi ya Wahindu wengi, ni kuitoa murti iliyovunjika na kuizamisha: baharini kwa watu wa Mombasa, mtoni kwa watu wa bara. Yote mawili ni ibada halali, na yote mawili yanaweza kuua kesi. Maji huondoa alama za vidole, na kielelezo kilichozama baharini hakuna mahakama itakayokiona.

Basi subirini polisi. Fungeni mlango, msiruhusu watu kuingia kushangaa, pigeni picha kila kitu mahali kilipo, kisha mmoja wenu aende kituoni akaandikishe taarifa. Asitoke bila nambari ya OB, yaani kitabu cha matukio cha polisi. Bila nambari hiyo mtakuwa watu waliolalamika tu, na wiki mbili baadaye afisa mwingine atakuulizeni tena mlikuja lini. Kama kuna kamera, aliyezisimamia ndiye atakayetoa picha hizo na kutia saini cheti kinachotakiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Fundi aliyekuja kunakili kwenye simu yake hatoshi. Polisi wakishachukua alama na picha zao, mwambieni mwendesha mashtaka mapema kwamba murti ina taratibu zake za kidini, na muombe mahakama ipokee picha ili kitu chenyewe kirudi kwenu. Ombi la namna hii ni la kawaida. Kinachoudhi mahakama ni kuambiwa kielelezo kilishapelekwa ufukwe wa Nyali kuzamishwa.

Kwenye maelezo yenu kwa polisi, semeni kilichovunjwa ni nini kwa wanaoabudu pale. Afisa asiyejua ataandika "sanamu moja, thamani kiasi fulani" na faili litakuwa la uharibifu wa mali tu. Sheria ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, ina kifungu cha 134 kinachomhusu mtu anayeharibu au kunajisi mahali pa ibada, au kitu ambacho kundi lolote la watu hukiona kitakatifu. Si lazima kuthibitisha kwamba alikusudia kuitukana dini. Inatosha kuonyesha alijua waumini wataelekea kuliona tendo lake kuwa ni tusi kwa dini yao. Kwa hiyo maelezo ya pujari kuhusu murti ile ni sehemu ya ushahidi, na yaandikwe kikamilifu.

Hata hivyo msikatae shtaka la uharibifu wa mali. Kosa la kifungu cha 134 halikupewa adhabu yake mahususi, kwa hiyo linaangukia adhabu ya jumla ya makosa madogo, ambayo ukomo wake ni miaka 2 jela. Uharibifu wa mali kwa makusudi, chini ya kifungu cha 339, unafika miaka 5. Kuvunja na kuingia mahali pa ibada na kutenda kosa kubwa humo, kama wizi, ni hadi miaka 7 chini ya kifungu cha 306. Kuchoma jengo kunaweza kumfikisha mtu kifungo cha maisha. Ni ajabu kidogo kwamba kioo cha dirisha kina ulinzi mkali kuliko utakatifu wa kilichomo ndani, lakini ndivyo sheria ilivyoandikwa, na mwendesha mashtaka anaruhusiwa kuweka mashtaka zaidi ya moja. Mwombeni afanye hivyo.

Maneno nayo? Anayevuruga kusanyiko la ibada kwa makusudi ana kifungu cha 135. Anayetamka au kuandika maneno kwa nia iliyokusudiwa ya kuumiza hisia za kidini za mtu mwingine ana kifungu cha 138, mwaka mmoja jela. Lakini hapa nawasihi mpime. Mhubiri anayesema barabarani kwamba kuabudu murti ni upotovu anatangaza imani yake, nayo Katiba inamlinda kama inavyokulindeni nyinyi. Akibeba kipaza sauti na kusimama langoni penu saa ya ibada ili msisikilizane, hilo ni jambo jingine, na OCS, mkuu wa kituo cha polisi, anaweza kumwondoa. Tena, chuki inayomlenga mtu kwa asili yake, yale maneno ya "Wahindi warudi kwao", haiendi chini ya sheria za dini. Hiyo ni ya Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, kifungu cha 13, ambako adhabu ni faini ya hadi shilingi milioni 1, au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili. Malalamiko yapelekeni kwa tume ya uwiano, NCIC, pamoja na rekodi au picha ya ujumbe wenyewe, tarehe ikionekana.

Msingi wa yote haya ni Ibara ya 32 ya Katiba ya 2010. Inampa kila mtu uhuru wa dini, peke yake au pamoja na wenzake, faraghani au hadharani, kwa kuabudu, kufundisha na kuadhimisha, ikiwemo siku yake ya ibada. Hakuna anayeruhusiwa kukunyima kazi, huduma au nafasi katika taasisi kwa sababu ya imani yako, wala kukulazimisha utende kinyume nayo. Ibara ya 8 inasema hakuna dini ya taifa. Sensa ya 2019 ilihesabu Wahindu 60,287 katika nchi ya watu zaidi ya milioni 47, na idadi hiyo haipunguzi haki hata moja. Mwaka 2017 serikali ilitangaza Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44, na wengi wakafurahi, nami sina neno na furaha yao. Kisheria tangazo lile halikuongeza kitu kwenye Ibara ya 32, ambayo humtaja "kila mtu". Mkenya Mweusi anayeabudu kwenye hekalu la Hare Krishna anazo haki hizo. Pujari aliyekuja kutoka Gujarat anazo pia, ila ahakikishe kibali chake cha kazi kiko hai, kwani huyo huhitaji kibali cha daraja la I, la shughuli za kidini na hisani, na kukisahau ni kuwapa watu wasiowapenda silaha ya bure.

Sasa niwaambie ninachoogopa kuliko mwizi wa sanduku la sadaka. Ninaogopa kabati la ofisi ya hekalu ambalo halijafunguliwa siku nyingi.

Mahekalu mengi ya Nairobi, Mombasa na Kisumu yalianza zama za ukoloni, baada ya reli iliyojengwa kati ya 1896 na 1901. Viwanja vya mijini vya wakati huo aghalabu vilitolewa kwa ukodishaji, mara nyingi wa miaka 99. Kilichotolewa mwaka 1927 kwa muda huo kinafika ukomo 2026. Muda ukiisha, ardhi hurudi serikalini. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinampa aliyekuwa akiishikilia nafasi ya kwanza ya kupewa tena, kwa masharti mawili: awe raia wa Kenya, na ardhi isiwe inahitajika kwa matumizi ya umma.

Sharti la uraia si dogo. Chini ya Ibara ya 65, asiye raia anaweza kumiliki ardhi kwa ukodishaji tu, usiozidi miaka 99. Na mali iliyo chini ya udhamini huhesabiwa kuwa ya raia pale tu manufaa yake yote yanapokuwa ya raia. Someni hati yenu ya udhamini. Kama inasema hekalu ni kwa manufaa ya waumini wa jamii fulani popote walipo, au inataja shirika mama lililoko ng'ambo, mtafuteni wakili kabla ofisa wa ardhi hajauona mstari huo. Waliokuwa na hati ya umiliki wa kudumu wasijione salama: Katiba iligeuza umiliki wa namna hiyo wa wasio raia kuwa ukodishaji wa miaka 99.

Halafu wadhamini wenyewe. Hati yenye majina ya wazee watatu, wawili wamefariki na mmoja alihamia Leicester, Uingereza, ni hekalu lisilo na mwenyewe wa kutia saini. Dawa yake ni kuwaandikisha wadhamini kuwa chombo kimoja chenye uhai usiokatika, chini ya Sura ya 164 ya Sheria za Kenya, ili mdhamini akifa asife na saini. Fanyeni pia upekuzi wa hati kwenye masjala ya ardhi angalau mara moja kwa mwaka; kwa Nairobi hufanyika kwenye mfumo wa Ardhisasa. Mkiona dalili ya mkono wa mtu, wekeni zuio kwenye hati siku hiyohiyo. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 ilionyesha Wakenya jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa kwa karatasi zilizoonekana safi kabisa. Habari njema ni kwamba Mahakama ya Juu, katika kesi ya Dina Management ya 2023, ilisema hati iliyotokana na mgao usiofuata sheria haiwezi kumlinda mwenye nayo, hata kama yeye alinunua kwa nia njema. Upande wa pili wa hukumu hiyo ni kwamba hekalu lililojengwa kwenye kiwanja cha umma kilichopatikana kwa njia za mkato nalo halina kinga, hata kama lina kengele na bendera.

Na kibanda cha chai kilichoegemea ukuta wenu? Kama kimesimama ndani ya mpaka wa kiwanja chenu bila ruhusa yenu, wazi, bila kukatizwa, kwa miaka 12, mwenyewe anaweza kudai kipande kile kwa mujibu wa Sheria ya Ukomo wa Mashauri, Sura ya 22. Hakuna haja ya kumfukuza jirani mwema. Mwandikieni barua ya ruhusa, atie saini, alipe hata shilingi 100 kwa mwezi. Anayekaa kwa ruhusa hawezi kudai kwamba alikaa kwa kupora.

Shuleni mambo hayajatulia. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilimkubalia mwanafunzi wa Kirasta kusoma akiwa na nywele zake. Mwaka huohuo Mahakama ya Juu, katika kesi ya hijabu iliyohusu shule ya Kimethodisti, ilibatilisha ushindi wa wazazi kwa sababu ya namna madai yalivyowasilishwa, bila kumaliza swali lenyewe. Kwa mzazi wa mtoto anayepaka tilak kwenye paji la uso au asiyekula nyama bwenini, maana yake ni moja: anza kwa barua kwa mwalimu mkuu, eleza desturi ni ya kidini na si ya fasheni, omba nafuu mahususi, subiri jibu la maandishi. Kulazimishwa kula nyama au kushiriki sala ya dini nyingine kunagusa Ibara ya 32(4) moja kwa moja, na huko una hoja nzito zaidi kuliko kwenye mavazi.

Kazini ni rahisi kidogo. Diwali ni sikukuu ya umma kwa waumini wa Kihindu, na Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu mtu kuachishwa kazi au kuadhibiwa kwa dini yake. Sheria hiyohiyo inamlinda mlinzi Mkristo na mpishi Mwislamu walioajiriwa na hekalu. Ijumaa na Jumapili zao ziheshimuni. Ndoa ya Kihindu inatambuliwa na Sheria ya Ndoa ya 2014, ni ya mke mmoja, na lazima isajiliwe. Kuuzunguka moto siku ya arusi bila cheti humwacha mjane akihangaika mahakamani kuthibitisha kwamba aliolewa. Kuchoma maiti ni halali mkiwa na kibali cha mazishi. Tanuri la Kariokor, Nairobi, limewahudumia hata wasio Wahindu, Wangari Maathai akiwemo, mwaka 2011.

Fataki na ngoma za sherehe zinahitaji vibali, na kanuni za kelele za 2009 hazimwachi mtu kwa sababu ya dini. Kama mna maandamano ya kubeba murti ya Ganesh hadi baharini, mpelekeeni OCS barua siku kadhaa kabla, yenye njia na saa, mkabaki na nakala iliyogongwa muhuri. Mkizuiliwa, muombeni aandike sababu. Ibara ya 24 inairuhusu serikali kuweka mipaka kwa sheria na kwa sababu za msingi, si kwa sababu mtu wa mtaani hapendi. Polisi wakikataa kupokea malalamiko yenu, nendeni IPOA, mamlaka huru ya kuwasimamia polisi.

Walioko Tanzania wana Ibara ya 19 ya Katiba ya 1977, na vifungu vya 125 hadi 129 vya Sheria ya Adhabu, Sura ya 16, vinavyofanana sana na vya Kenya. Bodi ya wadhamini huko husajiliwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, na uraia una uzito mkubwa zaidi, kwani asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Kwa Uganda nitakumbusha kimoja. Waasia walipofukuzwa 1972 mali zao ziliwekwa chini ya bodi ya serikali, na sheria ya 1982 ilipofungua mlango wa kuzidai, aliyedai alitakiwa kuonyesha zilikuwa zake.

Mkifika hatua ya mahakama nchini Kenya, Ibara ya 22 inaruhusu mtu mmoja, chama, au hata jirani asiye Mhindu kufungua shauri kwa niaba yenu au kwa maslahi ya umma. Hakuna ada ya kulifungua shauri la haki za msingi, na mahakama inaweza kupokea hata barua ya kawaida. Pelekeni Mahakama Kuu iliyo karibu. Ikiwa ugomvi ni wa kiwanja, Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Ambatisheni nakala ya hati, matokeo ya upekuzi wa karibuni, nambari ya OB na barua zote mlizoandika, hata zile ambazo hazikujibiwa.