Kwenda Roma na Mfuko Mwepesi



Wengi mmeniuliza: "Frateri, hivi mtu wa kawaida anaweza kuhiji Roma bila hela nyingi?" Nauli ya ndege ni ghali, sitawadanganya. Yangu ilitokana na michango ya parokia, nikaenda kwenye Jubilei ya Vijana, Julai 28 hadi Agosti 3, 2025. Lakini ukishafika, mengi unapewa bure. Tujifunze mambo matatu. La tatu lilinigusa pabaya.

1. Mfuko

Kuingia Basilika ya Mtakatifu Petro ni bure. Inafunguliwa saa 1 asubuhi, kwa hiyo wahi kabla foleni ya ukaguzi haijawa ndefu. Funika mabega na magoti, la sivyo utarudishwa mlangoni. Basilika za Mtakatifu Paulo, Yohane wa Laterani na Maria Mkuu nazo ni bure. Tiketi za katekesi ya Papa siku ya Jumatano haziuzwi, ukiona mtu anakuuzia, kimbia. Jumapili saa 6 mchana, Papa akiwepo, unasali naye Malaika wa Bwana pale uwanjani bila tiketi yoyote.

Beba chupa tupu. Mitaani kuna mabomba madogo ya chuma, yanaitwa "nasoni", yanatoa maji safi ya baridi mchana na usiku. Na tembea kwa miguu. Makanisa ya katikati ya mji yako karibu karibu.

2. Mtakatifu wa mahujaji maskini

Filipo Neri alifika Roma akiwa kijana asiye na kitu. Alisoma falsafa kama mimi, kisha akauza vitabu vyake ili awatumikie maskini. (Hapo mimi bado!) Mwaka 1548, akiwa bado mlei, alianzisha na muungamishi wake udugu wa kuwahudumia mahujaji. Jubilei ya 1550 ilipofika, waliwapokea waliochoka, wakawalisha na kuwaosha miguu. Yaani Kanisa halikushangaa kuona hujaji hana hela. Lilimwandalia beseni la maji.

3. Aibu yangu

Siku ya nne nilikuwa nimebakiza euro 31. Wenzangu wakaamua kwenda Makumbusho ya Vatikano, kiingilio euro 20. "Utarudi nyumbani bila kuona Sistina? Utawaambia nini watu?" Nikasingizia kichwa kinauma. Kiukweli niliona aibu, nikaondoka peke yangu nimekasirika, nikavuka mto Tiber hadi kanisa la Mtakatifu Augustino, karibu na Piazza Navona.

Ndani kuna mchoro wa Caravaggio: Bikira Maria amesimama mlangoni na Mtoto, mbele yake mahujaji wawili maskini wamepiga magoti. Kanisa lilikuwa na giza. Mzee mmoja akatumbukiza sarafu kwenye kisanduku, taa ikawaka. Kitu cha kwanza nilichoona ni nyayo za yule mwanamume, chafu, zimeelekezwa kwangu. Nikatazama viatu vyangu. Vumbi tupu.

Kisha nikaona maandishi: humo humo lipo kaburi la Mtakatifu Monika. Moyo ukashtuka.

Kabla sijasafiri, bibi mmoja wa jumuiya yetu alinishika mkono akanipa shilingi 2,000. Haifiki hata euro moja. "Frateri, hii ya maji njiani. Mjukuu wangu ameenda mjini, mwaka wa pili sasa hapokei simu. Niombee huko." Nilimwahidi. Siku nne zilikuwa zimepita, nimehesabu euro kila jioni, na sijamwombea hata Salamu Maria moja.

Nilipiga magoti kwa yule mama aliyemlilia mwanae miaka mingi, nikakaa karibu saa nzima. Darasani tulifundishwa kutofautisha njia na lengo. Mtihani nilifaulu, lakini somo nililielewa pale. Hela ni njia. Nilitumwa kupeleka maombi ya watu, nami nikayasahau kwa kuwaza hela. Bwana aliwatuma mitume bila fedha mkibani (Mt 10:9), na hakuwapunguzia kazi.

Niliporudi, bibi hakuniuliza niliona nini. Aliuliza, "Uliniombea?" Nikamjibu, "Ndiyo, bibi, ila nilichelewa." Akacheka. Mjukuu bado hajapiga simu. Tunaendelea kusali.

Tafakari: Ni nani aliyekuomba sala ukamjibu "nitakuombea", kisha ukasahau? Mwombee leo kabla hujalala, hata kama hujawahi kuvuka mpaka wa wilaya yako.

Tusali: Ee Bwana, utufanye mahujaji wepesi wa mfuko na waaminifu wa ahadi. Mtakatifu Monika, utuombee. Amina.