"Dawa Ilinikataa": Kauli ya Mgonjwa na Utambuzi wa Mzio wa Viuavijasumu

Makala haya yanachunguza namna kauli ya mgonjwa inavyoongoza, au kupotosha, utambuzi wa mzio unaotokana na viuavijasumu, yaani antibayotiki. Muktadha wake ni mazingira ya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, ambako mgonjwa anayefika hospitalini huenda amekwisha kununua vidonge katika maduka ya dawa ya Kariakoo bila ya cheti. Kumbukumbu ya matibabu hayo imo katika maneno yake tu.

Kauli "dawa ilinikataa" hubeba maana zaidi ya moja. Kwanza, yaweza kumaanisha kichefuchefu au kuharisha. Hayo ni madhara ya kawaida ya dawa, si mzio. Pili, yaweza kumaanisha kuwashwa. Klorokwini, iliyokuwa dawa ya kwanza ya malaria Tanzania Bara hadi 2001, iliwawasha watu wengi wasiokuwa na mzio nayo. Kwa hiyo kuwashwa pekee si ushahidi wa kutosha. Tatu, yaweza kumaanisha mzio hasa: mabaka yaliyovimba, midomo kufura na pumzi kubana, aghalabu ndani ya saa moja, au ngozi kubabuka pamoja na vidonda vya mdomoni na machoni, siku kadhaa baada ya kuanza dawa. Aina zote mbili huweza kuua.

Hivyo, swali "Una mzio wa dawa?" halitoshi. Yafaa kuulizwa: dawa ilikuwa ipi? Dalili zilianza baada ya muda gani? Zilionekanaje mwilini? Je, dawa ya jamii hiyo imetumiwa tena tangu hapo bila ya tatizo?

Uchunguzi uliofanywa Ulaya na Marekani umeonyesha kuwa takribani asilimia 90 ya walioandikiwa mzio wa penisilini huimudu dawa hiyo wanapopimwa kwa ngozi au kwa dozi ya majaribio chini ya uangalizi. Aliyewahi kubabuka ngozi hafanyiwi jaribio hilo. Anayeandikiwa mzio asiokuwa nao hunyimwa dawa iliyo bora kwa maradhi kama kaswende. Anayeunyamazia mzio alionao huhatarisha maisha yake.

Yatokanayo ni kwamba neno "mzio" ni hitimisho, si maelezo. Faili lenye neno hilo tu limefuta ushahidi. Lenye maneno ya mgonjwa mwenyewe humwezesha tabibu anayefuata kupima upya.