Kuziba Jino kwa Dawa ya Rangi ya Meno

Jino lililotoboka halijifungi lenyewe, na wengi huliacha hadi liwe la kung'olewa. Likiwahiwa, huzibwa kwa resini yenye rangi ya jino. Daktari huondoa sehemu iliyooza, hupaka asidi hafifu ili jino likwaruzike, kisha gundi. Resini hujazwa tabaka kwa tabaka, kila moja ikigandishwa kwa taa ya bluu. Jino lisipokuwa kavu haishiki, ndiyo maana mgonjwa hutiwa pamba mdomoni. Haina zebaki kama ile ya zamani ya rangi ya fedha, ambayo tangu 2022 nchi za Mkataba wa Minamata zimekubaliana isitumiwe kwa watoto wa chini ya miaka 15 wala kwa wajawazito.

Madoa ya kahawia ni jambo jingine. Baadhi ya visima vya Kajiado vina floraidi nyingi inayotoka kwenye miamba ya volkeno. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Resini huweza kufunika doa au kishimo cha aina hii. Kusugua kwa mchanga hakuliondoi. Kunakula jino tu.

Doa hilo huingia jino likiwa bado linaumbika ndani ya fizi, hasa kabla ya miaka 8. Kuchemsha maji hakupunguzi floraidi. Maji ya mvua yana kidogo sana, hivyo yanayokingwa kwenye tangi safi wapewe watoto kwanza.

Jino linalouma usiku kucha lisisubiri. Huenda uozo umefika kwenye neva, na hapo kuziba pekee hakutoshi.