Senti nne kwa neno

Mwandishi wa michezo ya mezani hulipwa kwa kuhesabiwa maneno. Katika michezo ya kusimuliana, ambapo mchezaji mmoja husimulia kisa na wengine hujitia kuwa wahusika wake, kama Dungeons & Dragons iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1974, kitabu ndicho mchezo wenyewe, na mara nyingi huandikwa na vibarua wa kalamu wasioijua hata ofisi ya mchapishaji. Barua ya wiki hii imetoka kwa kijana wa namna hiyo, mzaliwa wa Makina, Kibera, anayepanga chumba Gatina, Kawangware. Mchapishaji wa Marekani anataka maneno 12,000 kuhusu mji wa kubuni unaofanana na Kibera, kwa senti nne za dola kila neno, malipo siku 60 baada ya kitabu kutoka. “Shikamoo shangazi,” anaanza, kisha anauliza kama aache kazi aliyo nayo.

Kazi hiyo ni kuwaandikia insha wanafunzi wa ng'ambo, biashara inayojulikana sana Nairobi. Kijana hana akaunti yake kwenye tovuti za insha; humwandikia mwenye akaunti, anayempa shilingi 300 kwa ukurasa wa maneno 275. Hiyo ni shilingi moja na ushei kwa neno. Senti nne, dola ikiwa shilingi 129, ni shilingi tano na ushei. Ndiyo maana macho yamemtoka: jumla ni dola 480, karibu shilingi 62,000, na insha za urefu huo zingempa 13,000 tu.

Ila maneno ya mchezo hayalingani kwa jasho. Maelezo ya soko hutiririka; kanuni haitiririki. Barua inasimulia jinsi kanuni moja ya kufukuzana vichochoroni ilivyojaribiwa kwa jioni mbili na marafiki watatu, kwenye ubao wa drafti barazani kwa kinyozi, vifuniko vya soda vikiwa watu na dadu ikiwa ya kuazima kwa wacheza ludo. Mwishowe ilibaki kanuni ya maneno 60. Kwa bei hiyo, jioni mbili zimezaa shilingi 310, na marafiki hawajanunuliwa hata chai. Kanuni nzuri huwa fupi, kwa hiyo anayeifanyia kazi zaidi ndiye anayelipwa kidogo zaidi. Ni mfumo wa ajabu, lakini ndio uliopo.

Bei haipandi kwa urahisi kwa kuwa pesa za kitabu zina wenyewe wengi. Kitabu cha dola 40 kikipitia kwa msambazaji, mchapishaji hubaki na kama dola 16, na humo hulipa uchapaji, usafirishaji, wachoraji na mhariri. Siku hizi wengi huchangisha fedha za wanunuzi mapema kupitia Kickstarter, na hapo kisingizio cha kungoja mauzo kinapungua nguvu.

Kwa hiyo kibaya zaidi katika mkataba huu si zile senti nne, ni “baada ya kitabu kutoka”. Kitabu hungoja picha, hungoja kiwanda, hungoja meli. Mwenye nyumba Gatina hangoji. Kinachofaa kudaiwa ni theluthi moja wakati wa kutia saini, theluthi ya pili rasimu ikipokewa, na iliyobaki kwa tarehe iliyoandikwa, huku yakihesabiwa maneno yaliyoagizwa, si yaliyosalimika kwa mhariri. Malipo hayo ya awali ndiyo kinga yake kubwa. Mahakama ya Madai Madogo ya Kenya husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na hutakiwa kuamua ndani ya siku 60, lakini mdaiwa aliye ng'ambo ni vigumu kumfikia.

Kuacha insha kwa mpigo mmoja, basi, ni mapema: pesa za mchezo zinaweza kuchukua mwaka. Hata hivyo insha nazo si nguzo ya kuegemea, mbali na kwamba ni udanganyifu; England ilipiga marufuku kwa sheria ya 2022 kuwauzia wanafunzi kazi za kuandikiwa. Busara ni kuzipunguza kila malipo ya mchezo yanapoingia.

Limebaki suala la haki. Kijana anataka kutia humo visa vya bibi yake Mnubi, vya enzi ambazo Kibra, yaani Kibera, ilikuwa msitu kama jina lenyewe linavyosema kwa Kinubi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 husema kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa makubaliano yaseme vinginevyo. Marekani ni kinyume: kazi ya kibarua huru haihami bila maandishi yenye saini, ingawa wachapishaji huyaweka maandishi hayo mbele yake mapema. Kwa vyovyote mkataba utaje kwamba visa hivyo ni vyake na mchapishaji anapewa ruhusa ya kuvitumia tu.

Ile kanuni ya vichochoroni ni rahisi zaidi. Hakimiliki hulinda maneno, si mbinu ya mchezo. Mkataba usipomfunga, anaweza kuiandika upya katika kijitabu cha dola nne na kukiuza DriveThruRPG, soko la mtandaoni la michezo ya aina hii, ambako mwandishi asiyejifunga na soko hilo pekee hupata asilimia 65, yaani dola 2.60. Nakala 185 zingefikia dola 480 za mchapishaji.